Kitovu cha Liyongo, Woga wa Okonkwo: Mwongozo Kamili wa Kulinganisha Mashujaa na Kasoro Zao

Kila mwaka nikisahihisha insha za fasihi nakutana na aya moja iliyoandikwa kwa miandiko tofauti: "Fumo Liyongo ni shujaa mwenye nguvu. Udhaifu wake ni kitovu. Okonkwo pia ni shujaa mwenye nguvu. Udhaifu wake ni hasira. Kwa hiyo wote wawili ni mashujaa wenye udhaifu." Hakuna uongo hapo, na hakuna ulinganisho pia. Mwandishi ameweka vitu viwili juu ya meza moja, kisha akaondoka.

Inaniuma kuisoma aya hiyo, kwa sababu najua aliyeiandika amezisoma kazi zote mbili, pengine amezipenda, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kuzikutanisha. Nitajaribu kuonyesha namna hiyo hapa, hatua kwa hatua. Ninachokiamini baada ya miaka mingi ya kufundisha ni hiki: kasoro ya shujaa haikai pembeni ya sifa zake kama doa kwenye kanzu nyeupe. Mara nyingi ni sifa ile ile iliyomwinua, ila imefika mahali isipoweza kumsaidia tena. Ukipaona mahali hapo katika kazi ya kwanza, halafu ukapaona katika ya pili, una insha mkononi.

Nitatumia jozi moja mwanzo hadi mwisho. Wa kwanza ni Fumo Liyongo, kama alivyo katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu uliotungwa mwaka 1913. Wa pili ni Okonkwo wa riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, ambayo Clement Ndulute aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Njiani nitawaita wengine watusaidie: Oedipus wa Sophocles, Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, na Rosa wa Euphrase Kezilahabi.

Hatua ya 1: Tafuta jozi yenye swali moja

Usianze na majina makubwa. Anza na jambo ambalo kazi zote mbili zinalihangaikia. Kwamba Liyongo na Okonkwo wote wana nguvu ni jambo la juujuu. Hata Samsoni ana nguvu. Kilichonifanya niwaweke pamoja ni uhusiano wa baba na mwana. Liyongo anauawa na mwanawe wa kumzaa. Okonkwo anamuua mtoto anayemwita baba. Ukimwongeza Oedipus, unampata mwana aliyemuua babake bila kumtambua. Ni kazi tatu kutoka Ugiriki ya karne ya 5 kabla ya Kristo, pwani ya Kenya na nchi ya Waigbo, na katika zote shujaa anateleza palepale penye damu na ulezi.

Jipime kwa kuandika sentensi moja inayoanza hivi: "Wote wawili wanashindwa kujibu swali la..." Ukijikuta unamalizia kwa "maadui" au "matatizo ya jamii", jozi bado haijakaa. Rudi vitabuni. Kwa jozi yetu, sentensi yangu ilikuwa: wote wawili wanashindwa kujibu swali la mwanamume mwenye nguvu awe vipi mbele ya mtoto wake.

Hapo hapo pima neno lenyewe, shujaa. Katika darasa la fasihi tunatumia mhusika mkuu, nguli, shujaa, na Wakenya wengi husema jagina. Watu huyachanganya, lakini mhusika mkuu ni yule ambaye hadithi inamfuata, na shujaa ni yule ambaye watu wamekiri kwamba amefanya lililowashinda wengine. Rosa katika Rosa Mistika (1971) ni mhusika mkuu bila shaka. Ukitaka kumweka kwenye mizani pamoja na Liyongo lazima umweleze msomaji kwa nini, la sivyo atashangaa kuanzia mstari wa kwanza.

Angalia pia jaladani. Jina la Kiingereza la riwaya ya Achebe, Things Fall Apart, halimtaji mtu. Linasema mambo yanasambaratika. Jina la Kiswahili linatuambia huyu ni shujaa kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza. Msomaji wa Kiswahili anaingia kitabuni akitafuta ushujaa, wa Kiingereza anaingia akitafuta kuporomoka. Aya nzima ya insha imelala katika jambo hilo moja, na sijawahi kumwona mwanafunzi akiiandika.

Hatua ya 2: Soma ukiwa na kalamu, ukusanye maamuzi

Wengi husoma wakikusanya sifa: jasiri, mkali, mkarimu, mwenye kiburi. Sifa ni hitimisho, na ukianza na hitimisho huna pa kwenda. Kusanya maamuzi. Chora safu tatu kwenye daftari. Ya kwanza: alichofanya. Ya pili: alichoweza kufanya badala yake. Ya tatu: aliyeumia.

Safu ya pili ndiyo yenye kazi. Chukua kifo cha Ikemefuna. Kijana huyu, aliyetolewa na kijiji kingine kama fidia, ameishi nyumbani kwa Okonkwo miaka mitatu. Mzee Ezeudu anakuja kumwambia Okonkwo kwamba Umuofia, jamii yao, imeamua mtoto huyo auawe, na kumwonya kwamba anamwita baba, asitie mkono katika kifo chake. Kesho yake wanaume wanamtoa Ikemefuna akiwa na chungu cha pombe kichwani, akidhani anarudishwa kwao. Njiani mmoja anajikohoza, anachomoa panga, na Okonkwo anatazama pembeni. Anausikia mshindo. Chungu kinaanguka na kuvunjika mchangani. Kijana anakimbia kuelekea kwake akilia kwamba baba, wameniua. Okonkwo anachomoa panga lake na kummaliza. Achebe haachi tubahatishe: anatuambia kwamba Okonkwo aliogopa kuonekana dhaifu.

Sasa jaza safu. Alichofanya: alimkata mtoto aliyemlea. Alichoweza kufanya: kubaki nyumbani, maana rafiki yake Obierika alibaki, na hakuna aliyemwona si mwanamume. Aliyeumia: Ikemefuna kwanza, kisha Nwoye, mwanawe wa kuzaa, ambaye kitu fulani kinakatika ndani yake usiku ule, kisha Okonkwo mwenyewe, aliyekaa siku mbili bila kutia chakula kinywani. Angalia ulivyopata: bila Obierika tungeweza kusema mila ilimlazimisha. Kwa kuwa Obierika yupo, utetezi huo umeanguka. Waandishi hodari hutuwekea mtu wa namna hii karibu na shujaa ili tumpime. Mtafute kila mara.

Kwa Liyongo fanya vivyo hivyo. Mtawala wa Pate anamtaka mtoto wa Liyongo achunguze kitu gani kinaweza kumuua babake, na anamwahidi uwaziri na binti yake. Mtoto anamwendea babake na kumuuliza. Liyongo anamwambia: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Safu ya pili: angeweza kunyamaza. Angeweza kudanganya, kwani ni mtu ambaye amewapiga chenga adui zake kila walipomtegea. Wako wasimuliaji wanaosema alihisi kabisa kwamba mtoto ametumwa. Alisema hata hivyo.

Jaza maamuzi matano au sita kwa kila shujaa. Yakizidi kumi, unaandika muhtasari wa kitabu.

Hatua ya 3: Tenganisha udhaifu, kosa na kasoro

Hapa ndipo insha nyingi zinapovurugika, kwa sababu maneno haya matatu yanatumika kama ni moja. Nakushauri uyagawe hivi.

Udhaifu ni sehemu ambayo shujaa anaweza kudhurika. Kitovu cha Liyongo ni udhaifu. Hakuuchagua, na hakuna tabia ndani yake.

Kosa ni tendo. Wagiriki walikuwa na neno hamartia, na Aristotle alilitumia alipoeleza kwa nini shujaa wa tanzia anaanguka. Neno hilo linatokana na kukosa shabaha: mtu amelenga, na mshale umepita kando. Si lazima awe mwovu. Oedipus alimuua mzee kwenye njia panda akiwa hajui ni nani; alilenga kumkimbia mtu aliyemdhania babake, akamkuta babake wa kweli barabarani. Wengi wetu tulimjua kupitia tafsiri ya Samuel Mushi, Mfalme Edipode, na bado tunamwandika kama mtu aliyeadhibiwa kwa sababu ya "kiburi" tu. Kiburi kipo, hasira ipo, lakini kosa lenyewe ni la kutojua.

Kasoro ni mwelekeo wa tabia unaojirudia. Woga wa Okonkwo wa kuonekana kama babake, Unoka, mpiga filimbi mwenye madeni, ni kasoro. Unaonekana anapompiga mkewe katika Juma la Amani, unaonekana anapomkata Ikemefuna, unaonekana anapomkaripia Nwoye kwa kupenda hadithi za mamake. Kama jambo halijirudii, usiliite kasoro.

Kwa mgawanyo huu, sentensi ya yule mwanafunzi wangu, "udhaifu wa Liyongo ni kitovu, udhaifu wa Okonkwo ni hasira", inaonekana ilivyo: amelinganisha kiungo cha mwili na tabia. Swali linalofuata ni kama Liyongo ana kasoro hata kidogo, au ana udhaifu peke yake. Kwa maoni yangu anayo, na kitovu ndicho kinachotuonyesha.

Sisi tunaozungumza lugha hii tunajua kitovu ni nini. Mtu akitaka kusema hapa ndipo kwao, husema kitovu chake kimezikwa hapa. Ndipo mtoto alipoungana na mama. Ni alama ya kwamba hakuna aliyejizaa mwenyewe, hata jitu la kutisha kama Liyongo. Simulizi ingeweza kuuweka udhaifu wake kisiginoni au kwenye nywele. Imeuweka mahali pa uzazi, na mkono unaochoma ni wa uzao wake. Udhaifu wa mwili na kasoro ya moyo vimekutana kwenye nukta moja: mtu huyu hana kinga dhidi ya wake wa damu.

Hatua ya 4: Ifuate sifa mpaka igeuke

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ukikosa muda wa zingine, fanya hii. Chukua sifa moja ambayo jamii inamsifia shujaa, uifuate tukio kwa tukio, kama unavyofuata uzi, hadi unapoona imeanza kumdhuru.

Sifa ya Liyongo ambayo watu hawaitazami vya kutosha ni werevu. Tunakazania nguvu zake: namna alivyopiga panda, yaani baragumu, hadi ikapasuka, namna alivyobeba mkobani vitu vya kujaza nyumba. Lakini mara nyingi kinachomwokoa ni akili. Adui zake wanapanga kumuua wakati wa kula makoma, kila mtu apande mkoma kwa zamu, na zamu yake ikifika wamfume akiwa juu. Yeye anayaangusha matunda kwa mishale akiwa amesimama chini. Wanamfunga gerezani, na walinzi wanapora kila chakula kizuri anacholetewa. Anamwimbia kijakazi Saada fumbo la kumpelekea mama: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi wanaudharau mkate wa wishwa, unampitia. Kisha anaomba ngoma ya gungu, na kelele za ngoma zinafunika sauti ya tupa ikikereza minyororo.

Soma tena fumbo lile. Werevu wa Liyongo unasimama juu ya msingi mmoja: kuna watu wa nyumbani ambao anaweza kuwaambia siri. Mama ataelewa, na Saada ataupeleka ujumbe. Kwa adui anazungumza kwa mafumbo, na kwa wake anafungua moyo. Ndiyo sifa iliyomtoa gerezani. Mtoto anapokuja na swali lake, Liyongo anafanya kile kile kilichomwokoa: anamwambia siri mtu wa nyumbani.

Kwa Okonkwo uzi ni juhudi. Alianza bila kitu. Babake hakumwachia ghala wala cheo. Akiwa na miaka 18 alimbwaga Amalinze, aliyeitwa Paka kwa sababu mgongo wake haukugusa ardhi kwa miaka saba. Alikopa mbegu za viazi vikuu, akalima kwa shida mwaka ambao mvua ziliwatendea vibaya watu wote. Juhudi hiyo inatokana na woga, na Achebe anasema hivyo mapema kabisa. Kwa miaka mingi woga na juhudi vinafanya kazi moja, huwezi kuvitenganisha. Vinatengana siku Ezeudu anapokuja na onyo lake. Siku hiyo juhudi haitakiwi. Kinachotakiwa ni kukaa nyumbani. Na mtu ambaye maisha yake yote yamejengwa juu ya kutenda hawezi kukaa.

Sasa weka nyuzi mbili pamoja. Liyongo anaanguka kwa kuwafungulia wake moyo. Okonkwo anaanguka kwa kuwafungia. Mmoja alimwamini mwana kupita kiasi, mwingine hakumruhusu mwana aone kwamba anampenda. Huu ndio ulinganisho. Unaona kwamba haukuhitaji neno "nguvu" hata mara moja.

Hatua ya 5: Heshimu umbo la kazi

Kuna tabia ya kusema shujaa wa jadi ni bapa, asiye na undani, na wa kisasa ni duara, mwenye undani, kana kwamba watunzi wa zamani hawakuujua moyo wa binadamu. Tahadhari. Utenzi una beti 232, kila kipande mizani minane, na umetungwa kwa ajili ya sikio. Hausimami kutueleza Liyongo aliwaza nini akiwa macho usiku. Unatuonyesha anachofanya na anachoimba. Riwaya ina nafasi ya kuingia kichwani mwa Okonkwo na kutuambia anajiuliza tangu lini amekuwa kama kikongwe anayetetemeka.

Kwa hiyo ushahidi wako utakuwa wa aina mbili. Kwa Okonkwo unaweza kutegemea sauti ya msimulizi. Kwa Liyongo tegemea matendo, mashairi anayojiimbia, na mambo ambayo utenzi unayanyamazia. Ukimlaumu Liyongo kwa "kukosa undani" unalaumu mashua kwa kukosa magurudumu.

Kumbuka pia kwamba Liyongo hana kitabu kimoja. Edward Steere aliichapa simulizi yake kwa nathari mwaka 1870, miaka mingi kabla ya Kijumwa kuketi kutunga, na watu wa pwani waliimba habari zake kabla ya wote wawili. Taja ni masimulizi gani unayotumia, halafu ubaki nayo.

Hatua ya 6: Uliza nani anaijua kasoro, na nani anailipia

Maswali haya mawili huzaa tofauti nzuri kuliko swali la "kasoro ni ipi".

Oedipus ndiye wa mwisho kujua. Watazamaji wa Athens walikuwa wanaijua hadithi kabla ya kukaa, mtabiri Teiresias anajua, Jocasta anatambua mapema kidogo kuliko mumewe. Yeye anayeongoza uchunguzi ndiye anayechunguzwa. Okonkwo hajui kamwe. Anakufa akiamini kwamba waliobadilika ni watu wa Umuofia, si yeye aliyeshindwa kubadilika.

Kinjeketile ni tofauti na wote, na ndiyo maana nampenda sana katika mada hii. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein (1969), anatoka majini na maji ya kuwakinga watu na risasi za Wajerumani, na neno linaloyaunganisha makabila yaliyokuwa hayaaminiani. Halafu yeye mwenyewe anaanza kulitilia shaka neno hilo, kwa kuwa limesema watakuwa watoto wa Seyyid Said, na anajiuliza: tumtoe Mjerumani tuwe chini ya mtawala mwingine? Anaijua kasoro iliyo ndani ya ujumbe wake wakati watu wameshaupokea. Mwisho, akiwa mfungwa, anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwani akisema hivyo watoto wa kesho wataambiwa kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Huyu anaibeba kasoro kwa macho wazi.

Hapa lazima nikuonye: Kinjeketile Ngwale wa historia, wa Ngarambe, alinyongwa mwanzoni mwa Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Yule wa tamthilia anaishi kuona watu wake wakishindwa. Mtunzi alihitaji aishi ili ayaone. Ukiandika juu ya kasoro yake, andika juu ya mhusika, usimbebeshe marehemu wa kweli maneno ambayo mwandishi alimpa mhusika.

Kuhusu nani analipa, hesabu ni fupi na chungu. Kasoro ya Liyongo anailipia Liyongo mwenyewe, kisha mwana, ambaye hapati alichoahidiwa. Kasoro ya Okonkwo wanaanza kuilipa watoto.

Hatua ya 7: Iulize jamii ilimtaka awe nani

Usikae sana hapa, lakini usipite bila kugusa. Kasoro nyingi hupandwa na watu wanaomzunguka shujaa. Umuofia haikumwomba Okonkwo amuue Ikemefuna kwa mkono wake, lakini imemfundisha tangu utotoni kwamba mwanamume asiye na cheo anaitwa kwa jina la mwanamke. Kezilahabi analipeleka swali hili mbali zaidi: Zakaria anamlea Rosa kwa ukali wa kumfungia kila mlango, na Rosa akitoka nje hajui kutembea. Riwaya inamalizia kwa baba na binti kushtakiana mbele ya Mungu. Ukisoma mahojiano yale hutaandika tena kwa wepesi kwamba "kasoro ya Rosa ni umalaya".

Hatua ya 8: Linganisha miili yao

Shujaa anavyokufa ni ushahidi, na hapa jozi yetu inatoa kitu ambacho sikukitarajia nilipokigundua mara ya kwanza.

Liyongo anachomwa akiwa usingizini. Anaamka, anashika upinde, anatoka hadi kisimani, anapiga goti na kuuvuta mshale, na anafia hapo akiwa vile vile. Watu wa mji hawathubutu kwenda kuteka maji. Siku zinapita, mji una kiu, mamake anakuja kumsihi, wakidhani ana hasira. Mpaka mwili unapoanguka ndipo wanapoiona sindano.

Okonkwo anajinyonga kwenye mti nyuma ya boma lake. Watu wake wanasimama pale na hawawezi kumgusa, kwa sababu kujiua ni chukizo kwa ardhi. Wageni ndio watakaomshusha na kumzika. Obierika, yule tuliyemtumia kama kipimo, anamgeukia mkuu wa wilaya na kusema kwamba mtu huyu alikuwa mmoja wa wakubwa wa Umuofia, na sasa atazikwa kama mbwa. Mkuu wa wilaya anawaza atampa aya moja nzuri katika kitabu chake.

Miili miwili ambayo hakuna wa kuisogelea. Wa kwanza unaogopwa kwa sababu bado ni shujaa hata akiwa mfu. Wa pili haugusiki kwa sababu mila ile ile aliyoipigania imemkana. Kasoro ya Liyongo ilimuua na kumwachia heshima yake nzima. Kasoro ya Okonkwo ilimnyang'anya hata mazishi.

Hatua ya 9: Andika

Kuna njia mbili. Unaweza kummaliza shujaa mmoja kisha umlete wa pili, au ukawapeleka pamoja, hoja kwa hoja. Ya pili ni ngumu kidogo na ndiyo bora, maana ya kwanza humrudisha mwandishi kwenye vitu viwili juu ya meza. Kila aya ibebe hoja moja, iwataje wote wawili, na iwe na tukio moja la karibu kutoka kila kazi. Mfano wa aya yangu:

"Liyongo na Okonkwo wanaulizwa swali moja na watoto: unaniamini? Liyongo anajibu kwa kutaja sindano ya shaba, silaha ya kumuua, kwa sauti yake mwenyewe. Okonkwo anajibu kwa panga, wakati Ikemefuna anamkimbilia. Wa kwanza ametoa zaidi ya alichoombwa. Wa pili amekataa hata kuitika jina la baba. Hata hivyo hatuwezi kusema Okonkwo hakupenda. Usiku kuhani Chielo alipombeba Ezinma, binti wa Okonkwo, kumpeleka kwa mungu Agbala, Okonkwo alikwenda pangoni mara nne, gizani, panga mkononi, bila kumwambia mtu. Upendo wake ulijua kutembea usiku tu."

Tukio la Ezinma limetiwa makusudi, kwa sababu linapingana na hoja yangu. Tafuta kila mara tukio moja linalokusumbua, ulilete mwenyewe kabla msomaji hajalileta. Hoja ikibaki imesimama baada ya hapo, ni hoja.

Ukimaliza rasimu, pitia na kalamu nyekundu. Kila unapokuta "wote wawili ni" ikifuatwa na sifa, futa uandike tukio. Kila unapokuta "hasira", uliza hasira hiyo inaficha nini. Kwa Okonkwo inaficha woga. Ukikuta umemsamehe shujaa mmoja kwa sababu ni wa kwenu na kumhukumu mwingine kwa sababu ni wa mbali, rudi hatua ya 2 ukajaze safu upya.

Ukitaka kujizoeza kwa jozi nyingine, jaribu Brutus wa Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare, katika tafsiri ya Julius Nyerere, pamoja na Kinjeketile. Anzia pale Brutus anapomruhusu Antony ahutubie mazishini kwa Kaizari, ingawa Cassius amemwonya. Brutus ni mtu anayeamini kwamba neno la kweli likisemwa hadharani kwa heshima litatosha. Mweke pembeni ya yule mwingine, aliye gerezani na damu mwilini, anayekataa kulirudisha neno analolitilia shaka. Fungua daftari, chora safu tatu.